Ndege hawataki mkate wako

Kila nikiweka picha ya ndege mtandaoni lazima mtu atakuja inboksi na swali lilelile, niwape nini ndege wa uani kwangu ili waje wengi? Yaani watu wanaamini siri iko kwenye mbegu, kwamba kuna mbegu fulani ukiimwaga leo basi kesho asubuhi uani kumejaa rangi. Mi huwa najibu kwa swali, we una maji? Una kichaka? Dirisha lako la sebuleni likoje? Hapo mtu ananyamaza kidogo, alafu anasema sawa nimekuelewa, ila mbegu gani sasa. Haya. Leo naandika yote kwa mkupuo maana nimechoka kujibu vipande vipande, na nitaanzia mbali kidogo, kwenye safari, kwa sababu karibu kila ninachojua kuhusu kuwasaidia ndege uani nimekijua kwa kuwaangalia wakiwa kwao, huko ambako hakuna mtu anayewatandikia sahani.

Ukianza kutazama ndege unaondoka nyumbani na tamaa ya wakubwa, tai, korongo, bundi, kitu cha kumwonyesha mtu. Na unatembea sana. Unakata kilomita huku macho yako juu, jasho linakutoka, unarudi na kunguru na njiwa, wakati yule mzee mwenye kofia uliyempita amekaa kwenye gogo asubuhi anarudi na orodha ya ukurasa mzima. Wazoefu hawatembei, wanakaa. Ukifika mahali umeshawatisha wote, viatu vinavunja vijiti, zipu ya begi inalia, unaongea na mwenzio, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo hamna kitu kabisa na hapo ndo wengi wananyanyuka waende kwingine. Ukivumilia wanaanza kurudi mmoja mmoja. Kwanza unasikia, alafu tawi linatikisika, alafu unagundua kumbe alikuwepo muda wote, ni wewe tu uliyekuwa hujui kuangalia.

Na mahali pa kukaa pana maana yake. Katikati ya msitu mnene ni pagumu, ndege wako juu huko kwenye majani na shingo inakuuma. Uwanja mtupu nao hauna kitu. Ndege wanajaa ukingoni, pale msitu unapokutana na nyasi, pale nyasi zinapokutana na maji, pale njia inapopita katikati ya vichaka, kwa sababu hapo anapata chakula upande mmoja na pa kujifichia upande wa pili, mwewe akitokea ni mruko mmoja tu yuko ndani ya miiba. Tafuta ukingo. Tafuta mti uliokufa lakini bado umesimama, maana gogota anachimba humo na mashimo yake ya zamani yanarithiwa na bundi wadogo, kwenzi, kasuku na wengine kibao ambao hawana mdomo wa kuchimba. Tafuta tope. Watu wanapita tope wakikunja pua kumbe tope la pembeni ya maji ndo meza kubwa kuliko zote, humo mna minyoo na wadudu na konokono na kila ndege mwenye mdomo mrefu anajua hilo.

Hapo hapo niseme kitu ambacho familia yangu haijawahi kukielewa. Watazama ndege ndio watu pekee duniani wanaofurahi kwenda kutalii mabwawa ya majitaka. Sitanii. Kile kiwanda cha kusafisha majitaka cha Werribee, karibu na Melbourne kule Australia, ni moja ya sehemu maarufu za ndege wa majini, imo hadi kwenye orodha ya maeneo oevu yanayolindwa kwa mkataba wa Ramsar, na watu wanaomba kibali maalumu ili waingie na darubini zao. Sababu ni rahisi, maji yenye virutubisho yana wadudu wengi, na hakuna watu wanaopiga kelele. Harufu unazoea. Ukienda na mgeni usimwambie mapema.

Muda ni alfajiri, hilo halina mjadala. Ndege amelala njaa usiku kucha, akiamka anatafuta chakula kwa bidii, hewa imetulia na sauti inafika mbali kwa hiyo madume wanatumia muda huo kuimba na kutangaza mipaka yao. Ikifika saa nne jua limepanda wengi wanatulia vivulini, na wewe rudi ukanywe chai. Jioni kabla ya giza kuna awamu ya pili, ndogo kidogo.

Kuhusu darubini nitasema kwa kifupi maana hapa watu wanapenda kubishana. Ukiona imeandikwa 8x42, ile 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi ikiwa pana mwanga unaoingia ni mwingi, jambo utakalolishukuru alfajiri msituni. Wengi wanakimbilia 10 au 12 wakidhani kubwa ndo bora, kumbe unavyokuza ndege ndivyo unavyokuza na mtetemo wa mikono yako, na eneo unaloliona linakuwa finyu hadi ndege anayerukaruka humkamati. Nane inatosha kabisa. Alafu jifunze hili, macho yabaki kwa ndege, darubini ndo inyanyuliwe ije machoni. Ukiinama kuitafuta darubini kifuani, ukiinua kichwa ndege hayupo.

Masikio ni muhimu kuliko macho, hilo linachelewa kueleweka. Siku hizi kuna msaada, apu ya Merlin inayotolewa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, tangu 2021 inasikiliza sauti kupitia simu na kukuletea jina, ilianza na ndege wa Marekani na Kanada alafu ikaendelea kuongezewa wengine. Ni ya bure na ni nzuri ila usiiamini kama hakimu, ndege wanaoiga sauti za wenzao wanaidanganya, upepo unaichanganya, kwa hiyo ikikutajia jina wewe tafuta ndege mwenyewe umwone ndo uandike. Na tafadhali, hizo sauti zilizorekodiwa usizicheze kwenye spika ili ndege ajitokeze upate picha. Dume akisikia vile anajua kuna mvamizi kaingia kwenye eneo lake, anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na simu. Kuna sehemu nyingi za hifadhi wamekataza na wamefanya vizuri.

Sasa kuna ile homa ya orodha, ya kukimbiza idadi ya aina za ndege ulizoziona. Nimewahi kuwa nayo na bado inanitembelea mara mojamoja. Mfano mkubwa ni yule mama wa Marekani, Phoebe Snetsinger, mwaka 1981 aliambiwa na madaktari ana saratani ya ngozi na muda wake umebaki mfupi, yeye badala ya kukaa nyumbani akafunga mizigo akaenda kutafuta ndege, akaendelea kuishi karibu miaka 18 zaidi, akawa mtu wa kwanza kuona zaidi ya aina 8,000 za ndege, akafariki 1999 kwa ajali ya gari Madagaska akiwa safarini kutazama ndege. Dunia nzima ina aina kama 11,000 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Namheshimu sana. Ila mimi na wewe hatuna hizo tiketi za ndege, namaanisha ndege ya abiria, na hata tungekuwa nazo kuna kitu orodha haikupi, nacho ni kumfahamu ndege mmoja vizuri. Kumwona shore yuleyule kila asubuhi mpaka ujue analala mti gani, anamwogopa nani, anapenda tunda gani na lini anaanza kubeba vijiti. Hiyo inapatikana uani tu. Na jambo ambalo huwa nawaambia watu wa orodha, mwaka 2019 wanasayansi walichapisha hesabu kwamba Marekani na Kanada kwa pamoja zimepoteza ndege karibu bilioni 2.9 tangu 1970, na sehemu kubwa ya waliopungua hawakuwa wale adimu wa kukimbizwa kwa lenzi ndefu, walikuwa ndege wa kawaida wa mashambani na vichakani, wale ambao mtu hageuzi hata shingo. Kwa hiyo huyo shomoro unayemdharau mwangalie vizuri.

Basi turudi nyumbani. Ukishakaa vya kutosha huko ukingoni, kwenye tope na chini ya mti mkavu, ukirudi uani kwako unaona kitu kinakosekana. Unaona majani yamekatwa yakawa zulia, hakuna ukingo, hakuna maji, majani makavu yote yamefagiwa na kuchomwa, tawi kavu limekatwa, na katikati pamening'inizwa sahani ya mbegu. Hapo ndege anapita juu tu.

Mi nasema anza na maji. Mbegu inawaleta wanaokula mbegu tu, maji yanawaleta wote, wanaokula wadudu, wanaokula matunda, wanyonya nekta, hata mwewe. Na maji yenyewe hayahitaji gharama, sahani pana ya udongo inatosha, ila kina kiwe kidogo, sentimita mbili na nusu mpaka tano basi, na sakafu yake iwe na mikwaruzo ndege asiteleze. Yale mabeseni marembo yenye kina na kuta laini ni mapambo ya binadamu, ndege mdogo akiingia humo anaweza asitoke. Ukiwa nalo tayari weka mawe ndani, asimame juu. Liweke mahali ambapo kuna kichaka karibu cha kukimbilia, lakini kisiwe karibu hivyo mpaka paka ajifiche humo na kuruka, mita mbili tatu ni sawa. Maji yanayodondoka yanaita zaidi ya yaliyotulia, chupa yenye tundu dogo ikining'inizwa juu inadondosha tone tone na ule mlio wanausikia kutoka mbali. Badilisha maji kila siku ukiweza, na isipite siku mbili tatu, mbu anahitaji kama wiki hivi kutoka yai mpaka kuruka kwa hiyo ukimwaga mapema humfugi. Usisahau na vumbi. Shomoro na kwale wanaoga vumbi, wanajipaka na kujitikisa, inasemekana kupunguza wadudu na mafuta kwenye manyoya, kwa hiyo acha kipande kidogo cha udongo mtupu mkavu juani. Ni huduma rahisi kuliko zote, unachofanya ni kutofanya kitu.

La pili ni wadudu, na hapa ndo napoteza wafuasi. Karibu ndege wote wadogo wa nchi kavu, hata wale unaowajua kwa kula mbegu, hata mnana, hata shomoro, hata chozi anayeishi kwa nekta, makinda yao wanawalisha wadudu na buibui. Kinda anakua kwa kasi ya ajabu, anahitaji protini laini, mbegu kavu hawezi. Watafiti wa Marekani wamekadiria kwamba jozi moja ya ndege aina ya Carolina chickadee, ndege mwenye uzito wa gramu kumi hivi, inahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja tu mpaka waruke. Elfu sita. Sasa wewe unapulizia dawa kila mmea ukiona jani limetobolewa, alafu unaning'iniza mbegu ukishangaa kwa nini hawazalii kwako. Jani lenye matundu ni habari njema, ina maana jiko linafanya kazi.

Ndo maana swali zuri sio mbegu gani, ni mti gani. Na jibu ni mti wa asili wa eneo lako, wowote ule, maana wadudu wa hapo wamezoeana nao kwa maelfu ya miaka na wanajua kuula, wakati mti wa mapambo ulioletwa kutoka bara jingine unaweza ukasimama miaka hamsini bila kiwavi hata mmoja kuuonja. Unapendeza lakini kwa ndege ni nguzo. Panda kwa ngazi, kitu kirefu, kitu cha kati, kichaka kizito chenye miiba ikiwezekana, na majani marefu chini pembeni, yaani unatengeneza ule ukingo niliousema. Hata balkoni ya ghorofani inawezekana, vyungu viwili vya maua ya asili yenye nekta na kisahani cha maji na utashangaa nani anakuja. Majani makavu yasukume chini ya vichaka yakae humo, ndani yake kuna uhai, na ukisikia kitu kinafukuafukua asubuhi utajua kuna mtu anapata kifungua kinywa. Tawi kavu kama halitamwangukia mtu liache. Na sumu ya panya, hii naomba sana, panya aliyekula sumu anakuwa mzito anatembea ovyo mchana, bundi anamwona, anamla, na sumu inahamia kwa bundi. Unamuua yule aliyekuwa anakufanyia kazi bure.

Tatu, kioo. Sijui kwa nini watu hawaliongelei hili. Ndege haoni kioo, anaona mti ulioakisiwa ndani yake au anaona anga upande wa pili, anakuja kwa kasi yake yote. Utafiti wa 2014 ulikadiria kwamba Marekani pekee kati ya ndege milioni 365 na karibu bilioni moja wanakufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na nyumba za kawaida za kuishi zina mchango mkubwa sio maghorofa tu. Wengine wanagonga, wanaruka, wewe unasema ah amepona, alafu anaenda kufia kichakani kwa kuvuja damu ndani. Ile stika moja ya mwewe mweusi inayouzwa haisaidii, ndege anapita pembeni yake anagonga hapohapo. Kinachosaidia ni alama nyingi ndogo kwenye kioo chote, zisiachane zaidi ya sentimita tano, na ziwe upande wa NJE wa kioo, maana ukibandika ndani uakisi unabaki palepale. Nukta za rangi, mistari ya sabuni, kamba zinazoning'inia mbele ya dirisha, wavu, chochote. Unaweza ukafanya kwa mche wa sabuni leo jioni, ikinyesha unarudia. Na kama unaweka sahani ya chakula iwe karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asiwe amepata kasi ya kujiumiza, au basi iwe mbali kabisa, zaidi ya mita kumi.

Paka je? Najua wenye paka wameshanikasirikia kabla sijasema. Nampenda paka, ila utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria paka wa Marekani wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao ni paka wasio na mwenyewe, na wale wenye mwenyewe nao wamo. Paka aliyeshiba bado anawinda, njaa sio sababu. Akae ndani, hasa alfajiri na wakati makinda wanatoka viotani. Kengele shingoni inapunguza kidogo, haimalizi.

Haya, chakula, kwa wale waliovumilia mpaka hapa. Ukiweza kupata mbegu za alizeti zile nyeusi, ndizo zinapendwa na wengi kwa sababu zina mafuta na ganda lake ni jepesi. Mtama na uwele ni kwa wale wa chini, shomoro, njiwa, chiriku. Vipande vya matunda yaliyoiva, papai, ndizi, chungwa lililokatwa nusu, hapo unawapata shore na wenzake. Mkate achana nao. Hauui papo hapo kama watu wanavyosema ila unajaza tumbo bila kumpa chochote, na ukiota ukungu ni hatari kwa mapafu yake. Vyakula vya chumvi hapana, karanga za kukaanga zenye chumvi hapana, na karanga yoyote yenye ukungu usiithubutu. Wanyonya nekta, huko Amerika wenye wale ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua wanawapa sukari nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne, bila asali na bila rangi nyekundu, na kwenye joto wanaibadilisha karibu kila siku maana inachacha. Mi kwa upande wangu naona ua la kweli ni bora, halihitaji kuoshwa.

Kuosha ndo kwenyewe sasa. Sahani ya chakula inakusanya ndege ambao kwa kawaida wasingekaa kifuani kwa mwenzao, mmoja akiwa mgonjwa wote wanakula kwenye mate na kinyesi chake. Kule Uingereza kuanzia 2005 ugonjwa wa vimelea vya Trichomonas uliwaingia chiriku wa kijani, koo linavimba ndege anashindwa kumeza, na wakapungua mpaka 2021 wakawekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo, na sehemu za kulia na kunywea zimetajwa wazi kuwa moja ya njia za kuambukizana. Ndege wa uani, waliolishwa na watu wanaowapenda. Kwa hiyo kila wiki mbili, au mapema zaidi kukiwa na unyevu, mwaga kila kitu, sugua, loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini sehemu moja kwa tisa za maji, suuza sana, anika mpaka ikauke kabisa ndo urudishe. Hamisha mahali mara kwa mara kinyesi kisirundikane chini. Ukimwona ndege amejikunyata, manyoya yamevimba, hakimbii ukimsogelea, ondoa sahani zote pamoja na maji kwa wiki kadhaa, watawanyike. Kama huna muda wa kuosha basi usilishe, kweli nakwambia, mti hausambazi ugonjwa hivyo.

Taa za usiku nazo nitazipitia haraka. Ndege wengi wadogo wanaohama wanasafiri usiku, wanatumia nyota na usumaku wa dunia, na mwanga mkali wa chini unawavuta na kuwazungusha mpaka wanachoka au wanagonga kuta. Misimu ya kuhama zima taa za nje usizozihitaji, au uzifunike ziangalie chini. Mwaka 2022 ndege wa pwani aina ya bar-tailed godwit, bado kijana wa miezi kama mitano tu, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Huyo ni bingwa. Wengi wa wadogo hawawezi hivyo, wanasafiri kwa vipande, na kila kipande kinahitaji mahali pa kushuka na kujaza mafuta mwilini, kwa hiyo uani kwako kwa siku mbili za mwaka kunaweza kuwa kituo cha mafuta cha mgeni ambaye hutamwona tena maisha yako yote. Ndo raha ya kuwa na kichaka.

Ukiwaona, andika. Mtandao wa eBird ulioanza 2002 unapokea orodha ya mtu yeyote popote, hata ya dakika tano ya uani, na watafiti wanazitumia kujua nani anapungua na nani anahama lini. Mambo haya ya watu wa kawaida kuhesabu ni ya zamani kuliko intaneti, Krismasi ya mwaka 1900 Frank Chapman aliwashawishi watu wanaozidi ishirini kidogo huko Amerika Kaskazini wahesabu ndege badala ya kwenda kushindana kuwapiga risasi kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu, na hesabu hiyo inaendelea mpaka leo kila mwaka. Andika na kunguru pia, watu wanawaruka kunguru alafu takwimu zinaonyesha hawapo.

Viota vya kutengeneza, visanduku vile, nitaandika siku nyingine kwa kirefu ila kama unaanza leo, tundu la mlango ndo linaamua nani mpangaji. Kwa shomoro wa majumbani milimita 32 inatosha, likizidi wanaingia wakubwa. Mbao isipakwe rangi wala dawa ndani, toboa vitundu chini maji yatoke, mlango usiangalie jua la mchana, na ile fito ndogo inayowekwa chini ya tundu kwa urembo iondoe, ndege haihitaji, anayeihitaji ni adui anayekuja kuchungulia makinda.

Alafu kuna msimu ambao simu yangu haipumziki, msimu wa makinda. Nimeokota ndege chini nifanye nini? Kwanza mwangalie ana manyoya au hana. Kama ana manyoya, mkia mfupi, anarukaruka bila kuruka vizuri, huyo hajapotea, ametoka kiotani juzi na wazazi wake wako juu ya mti wanakutukana wewe. Mwache. Kama yuko barabarani au paka yuko karibu msogeze kwenye kichaka cha jirani, basi. Kama hana manyoya kabisa au macho hayajafunguka, mrudishe kiotani kwa mkono ukikiona, na ile habari ya kwamba mama atamkataa akinusa harufu ya binadamu sio kweli, wazazi hawatelekezi kinda kwa sababu hiyo. Kiota kimevunjika? Kikapu kidogo chenye nyasi kavu, kifunge karibu na kilipokuwa, rudi nyuma uangalie kwa mbali saa moja au mbili. Usimpe maji mdomoni, yanaingia kwenye njia ya hewa anakufa mikononi mwako. Usimpe maziwa. Ukiona ana damu, bawa linaning'inia au paka alishamng'ata hata kama kidonda hakionekani, muweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, penye joto kiasi, kimya, na umpeleke haraka kwa daktari wa wanyama au kituo cha kuokoa wanyamapori, mate ya paka yana bakteria wanaomwua ndani ya siku chache asipopata dawa. Na watoto wasimshikeshike.